Meno na Maneno: Je, Mganga Ana Wajibu wa Kufundisha?

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii tumeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara tumeieleza kwa namna ile ile: kwamba kitu cha bandia hakiwezi kushika mahali pa kitu cha asili. Lakini liko swali ambalo methali yenyewe hailigusi, nalo ni hili: pengo lilitoka wapi? Ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumweleza mwenye jino, kabla halijang'oka, namna ya kulitunza? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa makini. Je, mganga akishaondoa maumivu ya mgonjwa wake amemaliza kazi yake, au bado anadaiwa deni la maelezo? Na kama deni hilo lipo, kulilipa ni hisani au ni haki ya mgonjwa?

Huenda msomaji akastaajabu kuona mwalimu wa lugha akijitia katika mambo ya hospitali. Sababu tunayo, wala si ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa likizo, jino lilituuma, nasi tukaenda katika kituo cha afya kimoja kusini-magharibi mwa Uganda, mahali wanapokaa wakimbizi wengi kutoka Kongo. Tulipokuwa tukingoja zamu yetu, mganga alitoka nje akauliza kama yuko mtu ajuaye Kiswahili. Alikuwa na mama mmoja Mkongo ambaye hakuelewa Kiingereza wala Kinyankole. Tuliinuka kwa furaha, kwani ni mwalimu gani wa lugha asiyefurahi lugha yake inapohitajiwa?

Mama yule alikuwa amembeba mtoto wa miezi kama mitano, mwenye homa na anayeharisha. Alimfunua mtoto midomo akatuonyesha ufizi wa juu. Pande zote mbili, mahali patakapoota chonge, palikuwa pametuna na kuwa peupe. "Mwalimu," alisema, "jirani ameniambia kwamba haya ndiyo meno mabaya yanayomharisha mtoto. Yasipotolewa atakufa. Mimi sitaki yachimbwe kwa spoku ya baiskeli. Nimekuja yatolewe hapa, kwa chombo safi."

Mganga alikuwa amechoka, na nje watu walikuwa wengi. Alijibu kwa Kiingereza, kwa sentensi tatu: kwamba hakuna ugonjwa wa namna hiyo, kwamba mtoto apewe dawa ya kurudisha maji mwilini, na kwamba mama asiruhusu mtu yeyote kuugusa ufizi wa mtoto. Nasi tulitafsiri. Tena, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jino letu lilikuwa linauma, tulifupisha: "Mama, daktari anasema hakuna kitu kama hicho. Chukua dawa hii umnyweshe mtoto, urudi nyumbani." Alitutazama kitambo, akasema, "Nimesikia, mwalimu," akaondoka.

Baada ya majuma matatu tulirudi kituoni kumalizia matibabu yetu, tukamkuta mama yule yule. Mtoto alikuwa hai, lakini ufizi wake ulikuwa umechimbwa pande zote mbili, na kidonda kimoja kilikuwa kinatoa usaha. Hatukuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyesema, wala hakusema kwa hasira: "Mwalimu, mlisema hakuna kitu. Lakini mimi nilikuwa ninakiona."

Tangu siku ile maneno hayo hayajatutoka moyoni, na ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Kwanza kabisa yafaa tukiri kwamba mama yule alisema kweli. Kitu alichokiona kilikuwepo. Kilikuwa ni kichipukizi cha chonge ya utoto, ambacho kila mtoto anacho, awe mzima au mgonjwa, na ambacho kwa kawaida huchomoza katika mwaka wa pili. Huonekana kama uvimbe mweupe kwa sababu jino linajijenga chini ya ufizi. Sasa, mtoto wa umri huo ndipo anapoanza kutia kila kitu kinywani, na ndipo wengi wanapoanza kupewa uji na maji; basi uchafu humfikia, na kuharisha kukaanza. Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja, na jicho la mzazi huyaunganisha kuwa sababu na matokeo. Hilo si kosa la Mkongo wala la Mganda peke yao. Uganda imani hiyo huitwa ebiino. Tanzania watu wameyaita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Na Kenya pia desturi hiyo imeonekana. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha maelezo kuhusu ukeketaji wa meno wa namna hii nchini Uganda. Si jambo la jana.

Madhara yake yanajulikana. Mtoto hutokwa na damu. Kidonda huweza kuingia vijidudu. Chombo kinachotumiwa kwa watoto wengi bila kusafishwa huweza kupitisha magonjwa ya hatari, ukiwamo ukimwi. Aidha, chini ya jino la utoto limo chimbuko la jino la ukubwani, na ncha ya chuma huweza kuliharibu hilo pia. Na baada ya yote hayo kuharisha kunaendelea, kwa kuwa sababu yake haikuguswa. Kinachomuua mtoto anayeharisha kwa kawaida ni kupungukiwa maji mwilini, wala si jino.

Maelezo haya yote yanahitaji muda gani? Tumewahi kuyasema kwa sauti huku tukitazama saa. Hayakufika dakika tatu.

Tukirudi katika kisa chetu, tutaona tofauti ya ajabu kati ya jirani na mganga. Jirani hakuwa na elimu ya tiba, lakini alieleza. Alimwonyesha mama uvimbe, akautaja jina, akauunganisha na kuharisha, akasema la kufanya na litakalotokea lisipofanyika. Mganga alikuwa na elimu, lakini alikanusha tu. Nasi tuliokuwa ulimi wake tulikanusha kwa maneno machache zaidi. Mtu aliye katika hofu ya kufiwa hawezi kuishi bila maelezo. Asipoyapata kwa ajuaye, atayachukua kwa asiyejua. Basi ukimya wa mjuzi ni sawa na kumwachia kiti asiyejua aketi.

Hapa sisi walimu wa lugha tuna neno la kuongeza. Katika Kiswahili viko vitenzi vitatu ambavyo twavichanganya bila kufikiri: kusikia, kuelewa na kukubali. Mama alisema, "Nimesikia," nasi tukaandika moyoni kwamba ameelewa. Tena tukadhani kwamba, kwa kuwa ameelewa, amekubali. Kila mwalimu ajua hatari ya jambo hili. Darasa zima huitikia "Ndiyo, mwalimu," na siku ya mtihani tunagundua kwamba waliitikia adabu, hawakuitikia somo. Mgonjwa naye ana adabu mbele ya koti jeupe. Tena anaogopa, ameumwa usiku kucha, na kinywa chake kimefunuliwa mbele ya mtu asiyemfahamu. Yeyote anayeuhesabu mwitiko wa mtu kama huyo kuwa ni kuelewa anajidanganya mwenyewe.

Suala hili ni la kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki wa kale, katika kitabu chake kiitwacho Sheria, alipambanua waganga wa namna mbili. Wa kwanza huwatibu watumwa: hupita mbio, haulizi wala haelezi, hutoa amri kama mtawala, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Wa pili huwatibu watu huru: huuliza ugonjwa ulianzaje, hujifunza kitu kutoka kwa mgonjwa na jamaa zake, humfundisha kadiri awezavyo, wala hatoi dawa mpaka amemridhisha. Plato hakuficha pingamizi. Baadaye katika kitabu hicho hicho anatuonyesha mganga wa kwanza akimcheka wa pili: Mjinga wewe, humtibu mgonjwa, unamsomesha, kana kwamba alikuja kwako kutafuta uganga badala ya uzima!

Kicheko hicho bado kinasikika leo, nacho kinastahili kujibiwa. Je, si kweli kwamba mwenye jino bovu hutaka maumivu yaishe tu? Ni kweli. Lakini tuyatazame magonjwa ya meno yalivyo. Meno huzungukwa na ukoga, utando wa vijidudu unaojirudia kila siku hata ukiondolewa. Tunapokula au kunywa kitu chenye sukari, vijidudu hivyo huigeuza kuwa asidi, nayo asidi hulidhoofisha jino kwa muda wa kama nusu saa kabla mate hayajalirekebisha. Kwa hiyo anayekunywa chai yenye sukari mara moja pamoja na chakula hulishambulia jino mara moja. Bali anayenyonya peremende na kuonja soda kidogo kidogo mchana kutwa hulinyima jino nafasi ya kupumzika. Dawa ya meno yenye floridi, ikitumiwa mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, hulisaidia jino kujijenga upya.

Ni nani awezaye kufanya hayo? Mganga hukishika kinywa cha mtu kwa nusu saa, pengine mara moja katika miaka mitano. Muda wote uliobaki kinywa kimo mikononi mwa mwenyewe. Basi katika maradhi ya meno mgonjwa ndiye mganga mkuu, na mganga wa hospitali ni msaidizi wake. Kumnyima maelezo ni kumnyima mganga mkuu vifaa vyake vya kazi. Kumziba mtu jino bila kumweleza lilivyotoboka ni kuziba ufa mmoja huku ukuta ukiendelea kupasuka upande wa pili. Mcheshi wa Plato alidhani kwamba kutibu ni jambo moja na kufundisha ni jambo jingine. Katika meno, kufundisha ni sehemu ya tiba yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja mdogo. Mtoto afikapo umri wa kama miaka sita, gego lake la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa halikusukuma jino lolote likang'oka, wazazi wengi hulidhania kuwa ni jino la utoto. Likioza husema, "Liache, litatoka lenyewe, jingine litaota." Halitaota jingine. Mzazi huyu hakukosa upendo wala fedha. Alikosa sentensi moja. Na mganga aliyekiona kinywa cha mtoto yule akanyamaza, je, hana sehemu yake katika pengo lile?

Walakini, ziko hoja tatu za upande wa pili ambazo haifai tuzipuuze.

Hoja ya kwanza ni ya muda. Waganga wa meno katika nchi zetu ni wachache, na wagonjwa ni wengi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa. Katika hali hiyo, dakika tatu za kumwelimisha mmoja ni dakika tatu anazonyang'anywa mwingine anayelia kwa maumivu nje. Hoja hii ina uzito, nasi hatutaki kumlaumu mtu aliyechoka. Lakini tuihesabu vizuri. Mama yule alirudi, na safari ya pili mtoto wake alihitaji kusafishwa kidonda, kupewa dawa na kuangaliwa kwa siku nyingi. Dakika tatu tulizookoa zililipwa kwa saa nyingi. Upungufu wa waganga ndio unaofanya elimu iwe ya lazima, kwani asiye na wazima moto wengi hana budi kuwafundisha watu kutunza moto.

Hoja ya pili yasema kwamba mgonjwa asiyesoma hawezi kuelewa mambo ya kitaalamu. Hoja hii sisi tunaikataa, tena historia inatuunga mkono. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujisomea. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, wengi wao wakiwa wakulima wa vijijini waliokuwa wamejua kusoma hivi karibuni, wakajifunza kwa Kiswahili habari za malaria, kichocho na maji machafu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata kuhusu afya ya msingi ulipotaja mambo ambayo huduma hiyo haiwezi kuyakosa, elimu juu ya maradhi na namna ya kuyazuia ilitajwa ya kwanza. Asiyesoma haelewi maneno asiyoyajua; lakini ni nani ayaelewaye? Kasoro hiyo si ya akili yake, ni ya lugha yetu.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote. Elimu huweza kugeuzwa lawama. Mganga husema, "Umeyaharibu meno yako mwenyewe," akadhani amefundisha. Kaskazini mwa Tanzania, kama vile sehemu za Arusha, na katika sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya, wako watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengi wao wamewahi kuambiwa kwamba ni wachafu. Ukweli ni kwamba walikunywa tangu utotoni maji yenye floridi nyingi kupita kiasi, na rangi ile imo ndani ya jino, haiondoki kwa mswaki. Mtu wa namna hiyo akifundishwa kupiga mswaki kana kwamba uchafu ndio sababu, hakufundishwa, ametukanwa. Vivyo hivyo, kumhubiria maskini ubora wa dawa ya meno asiyoweza kuinunua, huku soda ikiuzwa mlangoni mwa shule, ni kumtwika yeye mzigo ambao serikali na wafanyabiashara wangepaswa kuubeba pamoja naye.

Tunaikubali hoja hii, lakini kwa maoni yetu haiangushi wajibu wa kufundisha, bali inauonyesha ulivyo. Kufundisha kwa kweli huanza kwa kuuliza. Unaona nini? Umeambiwa nini? Nyumbani una nini? Anayeuliza hivyo atajua kwamba mgonjwa huyu anatumia mti wa mswaki, atamwonyesha namna ya kuutumia vizuri badala ya kuudharau. Atajua kwamba yule anakunywa maji ya kisima chenye floridi nyingi, wala hatamwaibisha. Kama tungemuuliza mama yule, "Unaona nini hapa?" mazungumzo yetu yangeanzia kwenye uvimbe wenyewe, mahali ambapo hofu yake ilikuwa imekaa. Sisi tulianzia kwenye "hakuna."

Basi jibu letu kwa swali tulilouliza mwanzo ni hili: maelezo ni haki ya mgonjwa. Mwili ni wake, jino ni lake, mtoto ni wake, na hukumu ya mwisho juu ya kitakachotendeka nyumbani ni yake. Anayemtibu bila kumweleza, hata akimtibu vizuri, anamfanya kuwa chombo kinachotengenezwa. Hisani hutolewa mtu akiwa na nafasi. Haki hutolewa hata foleni ikiwa ndefu.

Ama sisi walimu wa Kiswahili, tusidhani kwamba deni hili ni la waganga peke yao. Tunaombwa mara kwa mara tutafsiri hospitalini, mahakamani na ofisini, na hutupendeza kuitwa. Yatupasa kutafsiri yote, na pale tuonapo kwamba aliyesikia hakuelewa, tumwambie mganga hivyo bila haya. Yatupasa pia kutumia kwa wagonjwa maneno yaliyo hai: ufizi, chonge, gego, ukoga, mate, usaha. Maneno haya yamo katika lugha, na mgonjwa anayajua au atayajua mara moja akionyeshwa. Na iko mbinu yetu ya darasani ambayo tungependa kuwapa waganga kama zawadi: usimuulize mwanafunzi kama ameelewa, mwombe akueleze wewe. Mgonjwa akiweza kusema kwa maneno yake mwenyewe atakalofanya afikapo nyumbani, na kwa nini, hapo somo limeingia.

Siku ile ya pili tulimwomba mganga ruhusa ya kukaa na mama yule kidogo zaidi. Mganga mwenyewe alichora kwenye karatasi jino lililolala chini ya ufizi, na nasi tukaeleza. Mama aliuliza maswali mawili: kama upande wa chini pia una meno yaliyolala, na kama mtoto mzima naye anayo. Tulipokwisha, tulimwomba atueleze yeye. Alieleza vizuri kuliko sisi, akaongeza kwamba mdogo wake ana mimba ya miezi saba na kwamba atamwonyesha karatasi ile. Akaikunja akaitia katika kitenge.

Hatujui kama chonge za mtoto yule ziliota. Twajua tu kwamba, kama hazikuota, hakuna pembe ya kulijaza pengo lile, na kwamba sehemu ya pengo hilo ni yetu.